Farasi Asiyenirusha

Mgongo wangu ulikuwa umenizuia kumwona Mwaitu, mama yangu, kwa miaka miwili. Anaishi mbali kidogo na Ikutha, kwenye njia ya mawe ambayo pikipiki huipita kwa kuruka, na daktari alinikataza kurushwarushwa. Mwezi uliopita akanipigia simu: "Ukingoja upone, utakuta sipo." Kesho yake nikaondoka Kambu, ninakofundisha.

Ikutha, saa mbili asubuhi. Adan, mfanyabiashara wa mifugo anayejuana na kaka yangu, alinisubiri na farasi jike wa kahawia kutoka kaskazini.

"Sipandi," nikamwambia. "Nimeona farasi wakikimbia. Mtu anarushwa kama mahindi kwenye ungo."

"Hao hukanyaga miguu miwili miwili, mwalimu. Huyu amezaliwa akikanyaga mmoja mmoja. Hakufundishwa na mtu."

Nilipandishwa na wanaume wawili na gunia la pumba. Sitaeleza zaidi.

Saa tatu, kwenye mawe. Nilikaza meno nikingoja maumivu. Hayakuja. Kwato zilienda mbio, ta-ka-ta-ka, lakini kiuno changu kiliyumba tu kama cha mtoto anayebembelezwa. Adan, aliyenifuata kwa pikipiki, ndiye aliyekuwa akirushwa.

Simu ikalia. "Umefika wapi?" akauliza Mwaitu.

"Niko njiani, juu ya farasi."

"Mbona sauti haitetemeki? Uko nyumbani kwako unanidanganya."

Saa nne na nusu, nyumbani. Alinipokea langoni akiegemea fimbo. Hakunikumbatia kwanza; alimzunguka farasi polepole, na hapo nikaona jinsi alivyoburuta miguu.

"Magoti," akasema. "Mwaka mzima sijafika sokoni. Sikutaka ujue."

Nami sikuwahi kumwambia jinsi mgongo ulivyokuwa ukiniliza. Tuliketi jikoni tukahesabiana maumivu hadi tukacheka.

Asubuhi iliyofuata, kurudi. Tulikubaliana kupokezana tandiko hadi sokoni Ikutha, ambako kaka yangu angemchukua Mwaitu, lakini zamu yake haikuisha. Nilitembea kando, nikipumzika kila penye kivuli, nikijifunza kwamba kufichana maumivu kulitutenga zaidi ya mawe ya njiani.

Sokoni, wanawake waliacha mizani wakaja kumsalimu. Adan, aliyekuwa akitusubiri hapo, akamnyooshea mkono ili ashuke.

"Bado," akasema Mwaitu, akijiweka sawa. "Yule wa nyanya aliwaambia watu nimekufa. Nipeleke kwake kwanza."