Haki ya Kisu

Kaka yangu nampenda, lakini ukweli nisipousema mimi atausema nani? Yule ni mkaidi kama punda, na sikio la kufa halisikii dawa.

Ana bucha sokoni tangu ujana wake, watu wanamwita Shoka. Marehemu baba alimwachia bucha ile pamoja na sheria moja: figo za ng'ombe wa kwanza wa siku haziuzwi. Anazila mwenye kisu, palepale kwenye kigogo cha kukatia, wateja wakimwona. Wanaiita haki ya kisu. Shoka alizila kila asubuhi, na maini juu yake, akishushia na soda. Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyezichoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka. Hakuwahi kuonjeshwa.

Basi kidole gumba cha mguu kikavimba. Kikawa chekundu, kinawaka moto, hata shuka likikigusa anatukana. Nikamburuta hadi zahanati. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba ni jongo. Figo, maini na masoda hayo yanauzidishia mwili asidi, nayo ikizidi inaganda viungoni kama punje za chumvi. Mwili ukipambana na punje hizo, ndipo panavimba na kuuma. Ameze dawa, anywe maji mengi, ale mboga, na figo azisahau.

"Kwa hiyo nile majani kama mbuzi," kaka akasema.

Jioni wifi akampikia mboga na maharage. Akaipiga sahani teke kwa ule mguu mzima, chakula kikatapakaa sakafuni mbele ya watoto, akamwambia mkewe aokote ale yeye. Wifi akaokota. Hakulia wala hakununa, ila tangu siku hiyo hakumbishia tena. Kaka akitaka figo, anapata figo. Akitaka supu ya mifupa, bakuli linakuja limejaa pomoni.

"Wifi, unamuua," nilimwambia.

Akaendelea kupepea mkaa. "Mimi ni nani hata nimnyime mume wangu haki yake?"

Maumivu yakapanda magotini, yakaingia na vidole vya mikono. Kaka akalala ndani. Wifi akavaa aproni yake, akashika kisu, na jamani, yule mwanamke anajua kukata nyama. Wateja wakaongezeka. Figo hakuzigusa. Kila asubuhi alimpelekea mumewe nyumbani, zimefunikwa vizuri. "Mwenye kisu ni yeye," alisema, "mimi namshikia tu."

Nikaenda kukaa kitandani kwa kaka. "Ziache, kaka. Ukiziacha sasa na dawa ukameza, bado utarudi kazini."

"Nikiziacha, nani atazila?"

Sheria ya baba naijua. Asiyekula figo, kisu si chake.

Mwezi uliopita alipata nafuu kidogo, akajikongoja na fimbo hadi bucha. Watu walikuwa wengi. Wifi akampisha kwenye kigogo. Kaka akakishika kisu, lakini vidole vile vilishajaa vinundu, havikunjiki. Kisu kikamponyoka.

"Shoka limechomoka mpini," alisema fundi viatu wa jirani. Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Wifi akakiokota kisu, akakifuta. Akaleta kigoda, akamkalisha mumewe pale mbele ya wateja, akamwekea sahani mapajani. Figo zilikuwa za moto, zinachuruzika mafuta.

"Kula, mume wangu," akasema kwa upole. "Kama huzitaki, nitazila mimi."

Kaka akanitazama, nikamtikisia kichwa asile. Akajaribu kuchukua kipande, kikaanguka. Akajaribu tena, kikaanguka. Wifi akainama, akaanza kumlisha kwa mkono mmoja, kisu bado kiko kwenye mkono wa pili. Kaka akafungua mdomo.