Hiki ni Nini?

Mume wangu alirudi kutoka semina na tabia mpya: kumwuliza mtoto vitu ambavyo yeye mwenyewe anavijua. Shule za Kiingereza zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, na moja ilikuwa inawasaili watoto wa miaka minne kabla ya kuwapokea. Basi kila jioni pale nyumbani kwetu mtaa wa Ipagala binti yetu anakalishwa kitini kama mshitakiwa. Kijiko kinainuliwa. "Hiki ni nini?" Mtoto anakitazama kijiko, anamtazama baba yake, kimya.

"Zezeta hili," akasema siku moja, mtoto anasikia. Nilimchukia palepale, na sioni haya kulisema.

Maana mtoto alikuwa anaongea, jamani! Aliongea kutwa na mama yangu, aliyetoka Chamwino kuja kunisaidia kulea. Mama hakuwa na maswali ya namna ile. Kwetu mtoto unamtania, unamtuma. "We mke mwenzangu, kamwambie mama yako chumvi imekwisha, na asininunulie tena ile ya mchanga." Mtoto huyo, mbio hadi uani, anautoa ujumbe wote bila kuacha neno, tena kwa maringo.

Mume wangu hakuyahesabu hayo kuwa maongezi. "Mama yako anamwamrisha mtoto kama sajenti," alisema. "Ndiye anayemdumaza. Aende kwake, mtoto afunguke."

Mama alisikia. Akaniuliza taratibu, "Hivi mumeo kijiko hakijui?"

"Anakijua, mama."

"Sasa anamwuliza ya nini? Anayekuuliza anachokijua anakutega, mwanangu. Mtoto ana akili, ndiyo maana ananyamaza."

Asubuhi ya pili akafungasha. Aliniachia mlenda wake mkavu wote, akasema tutauhitaji. Nami nilisimama mlangoni kama gogo, sikumtetea hata kwa neno moja. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Jioni kijiko kikainuliwa. "Hiki ni nini?"

Mtoto alikuwa amelia kutwa akimtafuta bibi yake. Akamkazia baba yake macho. "Kwani baba, wewe kijiko hukijui?"

Mwanaume akaruka, mkono juu. "Jeuri hii kafundishwa na nani?"

Niliudaka mkono ule hewani.

"Si ulitaka aongee? Ameongea. Haya, mjibu."