Jibu la Wanu

Mimi Jaku ni mpaka chokaa. Kuta nyingi za mtaa wa Mkunazini zimepita mikononi mwangu, na kusoma sikusoma. Maneno ya nyumbani alikuwa nayo mke wangu, Kazija.

Binti yetu Wanu tulimpata uzeeni. Alipovunja ungo akawekwa ndani, kama ilivyo kwetu, na tangu hapo mimi naye tukasemeshana kupitia kwa mama yake. Wanu akitaka kanga, Kazija huniambia. Mimi nikitaka binti apunguze kicheko kisifike barabarani, namwambia Kazija.

Kazija alifariki mwaka 1955. Wanu alikuwa na miaka kumi na tano. Tokea siku ya maziko hakusema tena. Nikimwita, "Naam." Basi. Alipika, akaweka sahani mlangoni, akarudi chumbani. Mara nyingi nilisimama kwenye pazia lake. Nilitaka kumwambia kuwa na mimi yamenikuta. Nilichosema ni, "Mafuta ya taa yapo?"

Msiba ulipofika mwezi wa nne, ikaja posa. Msabah, kijana wa Mkokotoni, muuza dagaa. Sikusikia baya lake. Aliyeileta ni shangazi yake, Bi Mize, mwanamke wa maneno. Akaja na Mwalim aliyemsomesha Wanu Kurani, amuulize. Sheria yetu mwanamwali huulizwa. Akikataa, aseme. Akinyamaza, kakubali.

Mwalim akasimama nje ya pazia. "Wanu binti Jaku, Msabah anakuposa. Ukinyamaza tutajua umeridhika."

Kimya. Akarudia mara tatu. Kimya.

"Kanyamaza!" Bi Mize akaruka. "Kumbe huyu kataka zamani, sisi ndio tuliochelewa!" Akapiga kigelegele.

"Bado," nikasema.

"Bado nini, Mzee Jaku?" akauliza Mwalim.

"Huyu hasemi."

"Ndiyo, kanyamaza."

"Hasemi hata kwangu. Tokea mamake."

"Ana adabu zake mtoto wa watu," akasema Bi Mize. "Wangu mimi wanasema mpaka usingizini. Mzee, au posa yetu huitaki, unatafuta njia?"

Nikafunua pazia. Tangu alipowekwa ndani sikuwahi kulifunua.

Wanu alikuwa amekaa kitandani, kajitanda kanga ya mama yake. Akanitazama usoni. Mdomo ukafunguka. Nilimwona, wallahi, ukafunguka, na koo lake likapanda. Alikuwa ananingoja mimi. Palitakiwa neno moja la kumsaidia, nami nikalitafuta. Kazija angelijua. Nikasimama pale nimeshika pazia, mikono yangu na chokaa kwenye kucha.

Mdomo ukafumba. Akatazama chini.

Nyuma yangu Mwalim akasema, "Basi tusome Fatiha."

Nikaliacha pazia. Bi Mize alishainua mikono. Mwalim alishainua. Na mimi nikainua.

Wanu yuko Mkokotoni, ana watoto wawili. Huja Idi kwa Idi. Hunifulia nguo, hunipikia, na watoto wake hupiga kelele ndani mpaka jirani hulalamika. Yeye na mimi hukaa ukumbini tukiwatazama. Mara nyingine humwona anageuka kunitazama, nami hugeuza uso. Sijui kama alimtaka yule mume. Kumuuliza sasa sijui nianze wapi.