Kijani cha Ikonge

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni niliposikia kwamba studio moja ya picha mjini Kisii imenunua kompyuta yenye programu ya kubadilisha rangi za picha. Wakati huo nilikuwa mhariri, mwandishi na mpiga picha wa jarida dogo la wakulima wa chai wa Nyamira. Toleo letu lililofuata lingekuwa la kwanza kuwa na jalada la rangi. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Picha niliipiga Ikonge, katika shamba la mama mmoja aliyejulikana kwa jambo moja: karani wa kituo cha kununulia majani hakuwahi kumkatalia kikapu. Alichuma majani mawili machanga na kichipukizi, basi. Alikubali nimtie kwenye jalada, ila kwa sharti kwamba aione picha kabla haijachapishwa.

Studio ilikuwa ya familia ya Kihindi iliyofanya biashara Kisii tangu kabla sijazaliwa, na binti wa mwenye studio ndiye aliyeiweza kompyuta. Siku niliyopiga picha kulikuwa na mawingu, kwa hiyo shamba lilitoka limefifia. Binti alisogeza kipanya, akafuta mkia wa ng'ombe uliochungulia pembeni, kisha akaongeza kijani. Akaongeza tena. Shamba likawa kijani kizito kama zulia jipya, na jina la jarida likang'aa juu yake kwa herufi nyeupe. Nilipiga makofi kama mtoto.

Ijumaa asubuhi mama alifika. Diski yenye jalada ilipaswa kwenda kwa mchapishaji Nairobi na basi la saa saba.

"Bwakire, omong'ina," binti akamwamkia kwa Kikisii safi.

Mama akacheka. "Kumbe huyu ni wetu!"

Kisha akainamia skrini.

"Mikono ni yangu," akasema. "Kitambaa cha kichwa ni changu. Haya majani ni ya nani?"

"Ni yako, mama," nikajibu.

"Yangu? Haya yamekomaa! Ukinitoa hivi, karani ataniuliza kama siku hizi nachuma magome."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni urembo tu.

"Urembo ni wa jarida lako. Atakayechekwa kituoni ni mimi."

Nilizaliwa kwenye chai, na bado sikuwa nimeona kwamba tumegeuza majani yake kuwa yale yanayotupwa.

Alikuwa amechuma kidogo alfajiri kabla ya kuja, na kichipukizi kimoja kilikuwa kimenasa kwenye nyuzi za sweta yake. Akakichomoa, akakishika kando ya skrini.

"Kijani ni hiki."

Binti akapunguza kijani, akaongeza manjano.

"Bado," mama akasema. "Bado. Umepita, rudi. Hapo! Usiguse tena!"

Shamba lilikuwa hai. Lakini herufi nyeupe zilikuwa zimemezwa na ule ung'avu wa majani, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Binti akabofya mara moja kwenye kitambaa cha mama, akachota rangi yake ya zambarau, akaimwaga kwenye herufi. Jina la jarida likaruka mbele. Tulipiga kelele wote watatu, hata mwenye studio akaja kuuliza nani ameibiwa.

Jarida lilipotoka nililipeleka kituoni Ikonge mwenyewe, siku ya kununua majani. Sikujua wakulima wangesema nini. Karani alilishika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachukua jani kutoka kikapu cha jirani, akavilinganisha polepole huku foleni nzima ikimtazama.

"Haya ya jalada ningeyapima," akasema.

"Basi anza na haya ya mgongoni," mama akamjibu kutoka nyuma ya foleni. "Yananiumiza."