Bibi Alipokataa Kuingia Ndani

Nilidhani Bibi akirudi nyumbani atalia kwa furaha. Ndivyo nilivyofikiri muda wote tuliokuwa tukimwandalia chumba hapa Kitangari.

Bibi ni mzaa mama. Alivunjika nyonga akichota maji, na alipotoka hospitali nyumba yake ilikuwa imeangushwa na mvua. Akapelekwa kwenye makazi ya wazee Masasi. Kule alikula na aliogeshwa vizuri, lakini kila Mama alipokwenda kumwona aliulizwa neno lile lile: lini mtanichukua?

Baadaye akaja dada wa mradi unaowarudisha wazee makwao. Alisema Bibi asilale peke yake, kwa hiyo chumba chake kiwe ndani ya nyumba yetu, na choo cha kukaa kijengwe hapo hapo. Baba aliitikia kila kitu. Mafundi wakaja, nasi tukasomba mchanga.

Siku gari lilipofika, wanawake walipiga vigelegele. Baba aliposikia mlio wa gari alizunguka nyuma ya nyumba, kama kawaida, maana Bibi ni mkwewe. Tangu nizaliwe sijawaona wakitazamana. Wakikutana njiani, Baba huingia mikoroshoni mpaka Bibi apite. Sote tuliijua heshima hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka tulipokuwa tukijenga. Hilo linanishangaza hadi leo.

Dada wa mradi akasukuma kiti cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Bibi akachungulia ndani, akashika fremu kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Nyuma ya ukuta huu analala nani?"

"Baba na Mama."

"Na choo hiki?"

"Ni cha wote, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa. "Nigeuzeni. Nirudisheni Masasi."

Vigelegele vilikatika. Mama alikaa chini pale pale, na khanga yake mpya. Jirani mmoja, mtani wa Bibi, akajaribu kututoa kwenye aibu. Akamuuliza kama huko Masasi ameacha mchumba.

"Mchumba ningekuja naye," Bibi akasema. "Ila kumsikia mkwe akikoroma ndiyo siwezi. Na yeye anisikie mimi nikienda chooni?"

Hakuna aliyecheka. Dada wa mradi alieleza taratibu kwamba hawezi kumwacha mzee kama huyu kwenye nyumba ya peke yake, na kama hapa hapataki, itabidi warudi naye leo. Bibi akasema sawa, warudi. Lakini mikono haikuachia fremu.

Mara tukasikia kishindo nyuma ya nyumba, na udongo ukiporomoka. Nikakimbia. Baba alikuwa na sururu, anabomoa ukuta wa nje wa chumba cha Bibi. Baba huyu huyu anayetugombeza tukiuegemea tu. Nilisimama mdomo wazi. Dada wa mradi alinifuata, akashika kichwa.

"Baba, unabomoa chumba cha mgonjwa?"

Baba aliendelea kupiga sururu. Aliniambia mimi, kwa sauti ndogo: "Mwambie bibi yako mlango wake uko huku. Ule wa ndani nauziba leo kwa matofali. Choo ni chake. Sisi tutachimba kingine kule mikoroshoni."

Nikapeleka maneno. Bibi aliniangalia sana.

"Kasema mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwambie atoboe pana, kiti kipite."

Dada wa mradi akauliza basi nani atalala na mzee, kama mlango wa ndani unazibwa. Mimi huwa sisemi mbele za watu, hata shuleni sikuwa nikisema. Nikasikia sauti yangu inasema nitalala naye mimi.

Tundu lilipokuwa pana, Baba aliweka sururu chini akaenda zake mikoroshoni. Ndipo tulipombeba Bibi na kiti chake juu ya kifusi, vumbi likimwangukia kichwani. Tulipomlaza kitandani aligusa kwa kiganja ukuta wa upande wa Baba na Mama, akaniuliza kama huko wanasikia.

Nikasema sijui.

"Basi tuongee taratibu," akasema.