Vidonge vyeupe vya mama mkubwa

Nilikuwa ninamkuna mbwa wetu chini ya taya nilipogusa vinundu viwili, vigumu kama karanga zenye maganda. Hakulia. Kazi yake ilikuwa kulinda ndagala, visamaki tulivyoanika mchangani kando ya ziwa, pale Songo. Mimi hushindwa kusema mbele ya watu, lakini kwake nilisema mengi.

Munganga wa ng'ombe, daktari wetu wa mifugo, alimpapasa shingo, kwapa na nyuma ya magoti. Akasema ni saratani ya tezi, ile inayoenea haraka. Dawa zake ni nne, za sindano na za kumeza, na hupishana wiki kwa wiki: ugonjwa ukiponyoka hii, ile nyingine inaukamata. Haziuondoi kabisa, lakini zingeweza kumpa mwaka. Zingetoka Bujumbura. Tungoje.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Hakuweza kungoja. Ana pumu, na ana vidonge vyeupe vinavyomfungua kifua. Alisaga kimoja, akakichanganya na ugali. Akafanya hivyo kila asubuhi. Vinundu vikanywea hadi nikavitafuta kwa vidole nisivipate, na mbwa akaanza tena kufukuza kunguru.

"Mbwa anakula dawa," jirani alisema, "na minye niko na malaria, nakunywa tu majani."

"Weye bweka kwanza," mama mkubwa akamjibu.

Kisha vinundu vikarudi, vikubwa kuliko mwanzo, shingo nzima. Dawa za Bujumbura zikafika. Munganga akamchoma sindano ya kwanza, na wiki iliyofuata ya pili. Vinundu havikushuka. Mlangoni akaniuliza kama mbwa alikuwa amepewa kitu chochote. Nilimwonyesha kidonge.

Alikigeuza kiganjani. "Hiki ni kimoja kati ya zile nne," alisema polepole. "Kikienda peke yake, ugonjwa unakizoea. Halafu unazikataa na zingine."

Hakunigombeza. Alifunga sanduku lake, akapanda pikipiki.

Uani, mama mkubwa alikuwa ameketi chini, kichwa cha mbwa pajani mwake. Kifua chake kilikuwa kikilia filimbi. Vidonge vilikuwa vimebaki vichache, naye alikuwa ameacha kuvimeza ili mbwa asikose.

"Munganga amesema nini?"

Sikujibu. Amenizoea hivyo, hakuuliza tena. Alisaga kidonge kwa kitako cha kikombe, akakipaka kwenye ndagala moja, akamsogezea mdomoni. Mbwa hakuweza tena kumeza. Alilamba tu vidole vya mama mkubwa, naye akaviacha vilambwe.