Mjomba na gunia lake

Leo nimemjibu mjomba wangu vibaya mbele za watu, na sijutii hata kidogo.

Mnamjua Chui, mbwa wetu wa Rukanga. Miaka kumi na mitatu amebwekea ndovu waliokuja kula mahindi yetu. Ndovu walipobomoa jikoni kwa mjomba, Chui ndiye aliyemwamsha, mjomba akakimbia.

Sasa amezeeka. Miguu ya nyuma imekufa, vidonda vimejaa nzi. Nikauza kuku wawili, nikamwomba daktari wa mifugo atoke Voi aje amdunge sindano ya kumpumzisha.

Asubuhi nikaenda kumngojea daktari pale Maungu, kwenye barabara kuu.

Nani namwona anashuka kwa pikipiki? Mjomba. Na gunia. Na gunia linalia.

"Kuku wawili kwa mbwa?" akaniambia. "Malori yanapita hapa bure."

Yaani alikuja kumlaza Chui barabarani agongwe!

Nikafungua gunia. Chui aliposikia sauti ya mjomba, akatikisa mkia.

Jamani, mkia!

Daktari akafika. Tukamlaza kivulini, nikamshika kichwa mpaka akatulia.

Mjomba bado amesimama. Nikadhani roho imemsuta.

Akasema, "Nipe gunia langu niende."

Nikamwambia, "Hii ndiyo sanda ya Chui. Ukiitaka, njoo ufukue."

Sasa mama anasema mjomba hajibiwi hivyo, niende nikamwombe msamaha.

Haya, nisaidieni. Nianze na neno gani?